Kwa Nini Mifupa ya Dinosaria Imejaa Gobi na Patagonia, Ikaadimika Kongo

Chukua ramani ya dunia, uitie nukta kila mahali palipowahi kuchimbuliwa mifupa ya dinosaria. Nukta zitasongamana magharibi mwa Marekani na Kanada, kusini mwa Argentina (ndiko Patagonia), China, na katika jangwa la Gobi, mpakani mwa Mongolia na China. Ulaya Magharibi itapata nyingi kupita udogo wake. Afrika itakuwa na mafungu yaliyotengana: Moroko, Niger na Misri huko kaskazini, kisha Tanzania, Malawi, Zimbabwe, Lesotho, Afrika Kusini na Madagaska. Halafu yatabaki maeneo mapana yaliyo karibu matupu, kama bonde la Kongo, bonde la Amazon, Finland na kaskazini mashariki mwa Kanada.

Anayeiona ramani hiyo kwa mara ya kwanza hudhani imemwonyesha dinosaria walikoishi. Haionyeshi hivyo. Dinosaria walienea katika kila bara, hata Antaktika. Mwaka 1991, kwenye Mlima Kirkpatrick, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari na si mbali sana na Ncha ya Kusini, kundi la William Hammer lilichimbua mla nyama mwenye upanga wa mfupa, kama ule wa jogoo, juu ya paji la uso. Baadaye aliitwa Cryolophosaurus. Miaka milioni 190 hivi iliyopita, alipokuwa hai, eneo hilo lilikuwa na mito na mimea. Upande wa pili wa dunia, kaskazini ya mbali ya Alaska, imepatikana mifupa ya vifaranga wadogo kabisa, ishara kwamba dinosaria walitaga na kulea huko huko, katika nchi ambayo jua hupotea kwa miezi kila mwaka.

Kwa hiyo nukta za ramani zinahesabu kitu kingine. Zinahesabu mahali ambapo mnyama alifukiwa upesi, katika mwamba wa umri unaofaa, mwamba huo ukadumu mpaka leo, ukafunuliwa tena juu ya ardhi, na mwishowe mtu akapita hapo akijua anachotafuta. Sharti moja likikosekana, nukta haipo, hata kama eneo zima lilikuwa limejaa wanyama.

Kufukiwa ni bahati

Mnyama akifa juu ya ardhi tupu, kwa kawaida habaki. Wanyama walao mizoga humtawanya, jua humpasua mifupa, mizizi na wadudu humalizia. Katika msitu wenye mvua nyingi udongo wenye tindikali huyeyusha hata meno. Ili mifupa idumu, lazima ifunikwe mapema kwa mchanga wa mafuriko, tope la ziwa, majivu ya volkano au mchanga wa jangwa uliobomoka. Kisha maji yaliyobeba madini hupenya polepole ndani ya vijitundu vya mfupa na kuacha madini yake humo. Baada ya muda mrefu mfupa unakuwa jiwe lenye umbo la mfupa. Hicho ndicho kisukuku.

Hapa kuna jambo linalonisikitisha kila nikilifikiria. Sehemu zinazofukia ni mabonde, delta, maziwa na nyanda za mito. Milima haifukii, yenyewe ndiyo inayomomonyolewa na kupeleka mchanga bondeni. Dinosaria walioishi milimani maisha yao yote, na bila shaka walikuwapo, karibu wote wametoweka bila kuacha kitu. Tunaowafahamu ni wale wa tambarare na wa kingo za maji.

Namna ya kufukiwa ndiyo inayoamua pia tutajua nini kuhusu mnyama. Katika jimbo la Liaoning, kaskazini mashariki mwa China, yapata miaka milioni 125 iliyopita, volkano zilimwaga majivu laini juu ya maziwa. Wanyama waliozama humo walifunikwa na tope jepesi kiasi kwamba hata manyoya yameacha alama. Mwaka 1996 Sinosauropteryx alitangazwa kutoka huko, dinosaria mdogo mwenye nyuzinyuzi za manyoya zilizomfunika mwilini, na tangu siku hiyo picha ya dinosaria kama mjusi mkubwa mwenye magamba tupu haikuweza kusimama tena. Mwaka 2010 wachunguzi walipata kwenye nyuzi zile mabaki ya chembe za rangi, wakaonyesha kwamba mkia wake ulikuwa na mistari, rangi ya kutu ikipishana na nyeupe.

Gobi nako palifukia kwa njia yake. Mchanga wa matuta, ulioloweshwa na mvua au kupeperushwa na dhoruba, uliporomoka juu ya wanyama wakiwa hai. Mwaka 1971 msafara wa Wapolandi na Wamongolia ulifukua viunzi viwili vilivyokamatana. Velociraptor, mla nyama mdogo, ameukandamiza ukucha wake kwenye shingo ya Protoceratops, mla majani, na Protoceratops amemng'ata mkono. Walifukiwa hivyo wakipigana, na hivyo ndivyo walivyo hadi leo.

Mfano wa ajabu zaidi kwangu ni wa Kanada. Mwaka 2011, katika mgodi wa mchanga wa mafuta huko Alberta, mwendesha mtambo aliona jiwe lenye umbo lisilo la kawaida. Alikuwa ni dinosaria wa nchi kavu mwenye deraya ya mifupa, lakini mwamba alimokuwamo ulikuwa wa bahari! Maelezo ni kwamba mzoga ulichukuliwa na mto hadi baharini, ukaelea, ukazama chali na kufunikwa haraka na tope la chini. Ngozi na magamba yake yamebaki mahali pake, hata mabaki ya mlo wake wa mwisho. Mnyama huyo, Borealopelta, amekaa hivyo kwa miaka milioni 110.

Umri wa mwamba

Dinosaria wa kale kabisa wasio na ubishi ni wa miaka milioni 230 hivi iliyopita, na wa mwisho, ukiwaacha ndege ambao ni uzao wao, walikufa miaka milioni 66 iliyopita. Kipindi hicho wanajiolojia wamekigawa mara tatu: Triasiki, Jurasiki na Kretasi. Mwamba ulio nje ya muda huo hauna dinosaria hata uchimbwe kwa karne nzima. Na mwamba uliotokana na uji wa volkano ulioganda, au uliopikwa na joto na mgandamizo chini sana ya ardhi, hauwezi kutunza mifupa. Unatakiwa mwamba wa mashapo, yaani mchanga, tope au chokaa iliyojipanga tabaka juu ya tabaka na kugeuka jiwe.

Hilo peke yake linafuta sehemu kubwa ya ramani. Miamba ya Finland na ya kaskazini mashariki mwa Kanada, kwa sehemu kubwa, ni mikongwe kuliko wanyama wenyewe, na mashapo yoyote ya enzi ya dinosaria yaliyowahi kulala juu yake yamekwisha kukwanguliwa. Visiwa vya Hawaii ni vya volkano, na vilitoka baharini dinosaria wakiwa wametoweka zamani.

Kosa la kawaida hapa ni kuchanganya visukuku vyote. Bonde la Olduvai kaskazini mwa Tanzania lina sifa duniani kote, na watu wengi huuliza kama mifupa ya dinosaria imepatikana pale. Haiwezi kupatikana. Tabaka za chini kabisa za Olduvai zina umri wa karibu miaka milioni 2. Kati ya dinosaria wa mwisho na mnyama wa kwanza kufukiwa Olduvai kuna pengo la zaidi ya miaka milioni 60. Karoo, nyanda kavu za Afrika Kusini, nayo huwachanganya wengi kwa sababu ina enzi mbili mahali pamoja. Tabaka za chini, ambazo ndizo zinazoonekana katika eneo kubwa, ni za kabla ya dinosaria na zimejaa jamaa za mbali za mamalia. Ukipanda hadi tabaka za juu, upande wa Lesotho na Free State, ndipo unapowakuta Lesothosaurus na Massospondylus, huyu wa pili akiwa na mayai yenye vijusi ndani.

Umri wenyewe hujulikanaje? Mara nyingi kwa majivu ya volkano yaliyolala juu au chini ya mifupa. Ndani yake mna punje za madini ya zirkoni zenye urani kidogo, na urani hugeuka risasi kwa mwendo usiobadilika. Ukipima uwiano wa hivyo viwili unapata umri wa majivu, na mfupa uliobanwa kati ya tabaka mbili za majivu unajulikana umri wake kwa karibu sana.

Jangwa halikuwa makao yao, ni dirisha

Mtu huona picha za wachimbaji Gobi, Sahara, Patagonia, akahitimisha kwamba dinosaria walipenda ukame. Baadhi waliishi kwenye nchi kavu kweli, lakini Sahara ya miaka milioni 100 iliyopita ilikuwa na mito mikubwa yenye mamba na samaki wakubwa, na Spinosaurus akivua humo. Jangwa la leo linasaidia kwa sababu halina majani wala udongo mnene. Upepo na mvua za nadra hukwangua mwamba, mfupa unachungulia, na macho yanaweza kuuona kutoka mbali.

Ndiyo maana Alberta, yenye nyasi na ngano juu, inatoa dinosaria hasa kwenye kingo za mto Red Deer. Barafu kuu ya mwisho ilipoyeyuka, maji yake yalichimba korongo refu na kuacha vilima vya udongo visivyoota kitu, ambavyo kila mvua hubomoa kidogo. Humo mna Hifadhi ya Dinosaur, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1979, ambako zimepatikana aina zaidi ya 40 za dinosaria. Kusini mwake, Montana na majimbo ya Dakota, kuna tabaka za Hell Creek, za miaka ya mwisho kabisa kabla ya maangamizi. Barnum Brown alichimbua humo mwaka 1902 kiunzi kilichopewa jina la Tyrannosaurus rex miaka mitatu baadaye.

Tabaka za Morrison zinaonyesha vizuri tofauti ya kuwapo na kuonekana. Zimetandaa magharibi mwa Marekani katika eneo la karibu kilomita za mraba milioni 1.5, na ndizo zilizotoa Stegosaurus, Allosaurus, Diplodocus na Apatosaurus. Lakini sehemu kubwa ya tabaka hizo bado iko chini ya nyanda za nyasi. Tumeona kingo tu, pale milima ilipoziinua na mito ikazikata.

Pasipo jangwa, binadamu hufungua dirisha mwenyewe. Mwaka 1878 wachimba makaa ya mawe wa Bernissart, Ubelgiji, wakiwa mita 322 chini ya ardhi, walikata njia katikati ya mifupa. Walitolewa humo Iguanodon zaidi ya 30. Huko Sucre, Bolivia, machimbo ya kiwanda cha saruji yalifunua ukuta uliosimama karibu wima wenye maelfu ya nyayo. Ulikuwa ufukwe wa ziwa, kisha milima ya Andes ikauinua na kuusimamisha hivyo. Kwenye Kisiwa cha Wight, Uingereza, bahari ndiyo mchimbaji, kila dhoruba inakula genge na kuacha mifupa ufukweni.

Basi rudi Kongo. Msitu, udongo mzito na mashapo machanga vimelifunika karibu lote. Utupu ule wa ramani hauna maana kwamba hakukuwa na wanyama. Una maana kwamba hatuna pa kuchungulia.

Nani alienda, na mifupa ikaishia wapi

Sharti la mwisho ni la watu, na nadhani ndilo linalosahauliwa zaidi. Ulaya ina nukta nyingi kwa sababu utafiti ulianzia huko. William Buckland alimwelezea Megalosaurus mwaka 1824, na Richard Owen akabuni jina la dinosaria mwaka 1842. Magharibi mwa Marekani, wataalamu wawili wa visukuku, Othniel Marsh na Edward Cope, walishindana kwa fedha na chuki kuanzia miaka ya 1870, wakituma wachimbaji kandokando ya reli mpya. New Zealand, kwa upande wake, ilihesabiwa kuwa haina dinosaria mpaka Joan Wiffen, aliyejifundisha mwenyewe kazi hii, alipookota pingili ya uti wa mgongo kwenye kijito mwaka 1975. Ilikuwa ya dinosaria. Nukta ya kwanza ya nchi nzima ilimngoja mtu mmoja mwenye subira.

Tendaguru, kaskazini magharibi mwa Lindi, inastahili kuelezwa kwa kirefu. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona mfupa mkubwa ukitokeza ardhini. Kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yaliendesha hapo moja ya michimbo mikubwa kuliko yote katika historia ya fani hii, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Waliochimba kwa mikono walikuwa mamia ya Waafrika, katika nchi iliyokuwa imetoka tu kwenye Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Mizigo ilibebwa vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, na zaidi ya tani 200 zikavushwa kwenda Ujerumani. Humo alikuwamo Giraffatitan, dinosaria wa shingo ndefu, ambaye kiunzi chake chenye kimo cha zaidi ya mita 13 kimesimama Berlin tangu 1937, na Kentrosaurus mwenye miiba. Msimamizi mkuu wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, alikuwa hodari wa kufukua na kusafisha mifupa. Ilichukua hadi mwaka 2007 kwa jina lake kuingia katika jina la dinosaria, Australodocus bohetii. Kwenye maandishi mengi ya zamani utakutana na wakuu wa msafara ukurasa baada ya ukurasa, na Boheti kwa nadra. Naona ni haki atajwe kila Tendaguru inapotajwa.

Kusafirishwa mbali si salama siku zote. Mifupa ya Spinosaurus ya kwanza, iliyochimbuliwa katika oasisi ya Bahariya nchini Misri mwaka 1912 na kuelezwa na Ernst Stromer mwaka 1915, iliteketea Munich kwa mabomu Aprili 1944. Ikabaki michoro na picha. Ilipita miaka mingi kabla mwamba wa Kem Kem, Moroko, haujatoa kiunzi kingine cha kufaa, kilichotangazwa mwaka 2014.

Sasa nchi zinadai vilivyo vyao. Tarbosaurus wa Mongolia aliyepigwa mnada New York mwaka 2012 kwa zaidi ya dola milioni moja alirudishwa kwao mwaka 2013 baada ya kesi. Ubirajara wa Brazil, aliyeelezwa mwaka 2020 akiwa katika makumbusho ya Ujerumani, alirudi mwaka 2023. Sheria ya Brazil ya tangu 1942 inavihesabu visukuku kuwa mali ya taifa. Na nukta mpya za ramani zinafuata maabara mpya. Mansourasaurus, aliyetoka jangwa la magharibi la Misri na kutangazwa mwaka 2018, ni kazi ya kundi la Hesham Sallam wa Chuo Kikuu cha Mansoura. Dinosaria wa Afrika wa miaka ya mwisho ya Kretasi walikuwa karibu hawajulikani kabla yake.

Ramani yenyewe ilikuwa nyingine

Limebaki fundo moja. Nukta tunazitia kwenye mabara ya leo, lakini dinosaria wa kwanza waliishi kwenye bara moja kuu, Pangea, ambalo lilipasuka polepole. Ndiyo sababu Tendaguru na Morrison, zilizotenganishwa na bahari nzima, zinafanana kama ndugu. Zote ni za miaka milioni 150 hivi iliyopita, Giraffatitan anakaribiana sana na Brachiosaurus wa Colorado, na Kentrosaurus ni jamaa wa Stegosaurus. Walipokuwa hai mabara hayo yalikuwa yameanza tu kuachana. Baadaye kidogo, kusini, dinosaria walao nyama wa ukoo wa abelisauridi walienea Argentina, Madagaska na India, nchi zilizowahi kuungana katika Gondwana, bara kuu la kusini.

Jambo hili lina matumizi ya moja kwa moja. Dinosaria wa kale kabisa walikuwa wamepatikana Ischigualasto, Argentina, ambako Herrerasaurus anabeba jina la mchunga mbuzi aliyemwona, Victorino Herrera. Wengine walitoka kusini mwa Brazil, na wengine India. Christopher Griffin na wenzake, wakiwamo watafiti wa Zimbabwe, waliyarudisha mabara mahali yalipokuwa miaka milioni 230 iliyopita, wakaona maeneo hayo yote yako karibu kwenye latitudo moja ya kusini. Walidhani hali ya hewa iliwafungia dinosaria wa mwanzo katika ukanda huo. Wakafuata mstari ule hadi ulipopita Afrika, na ulipita kaskazini mwa Zimbabwe. Katika safari za 2017 na 2019 walichimba huko kiunzi kilichokaribia kukamilika, kikikosa sehemu tu za mikono na fuvu. Walimpa jina la Mbiresaurus, kwa ajili ya wilaya ya Mbire alikolala. Hakufikia urefu wa mita mbili, na alikuwa palepale ramani ya zamani iliposema watafute.